Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usajili wa Chipukizi katika Hoops Dynasty

Hoops Dynasty ni mchezo wa kuigiza ukocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, unaochezwa kwenye intaneti kupitia WhatIfSports. Anayeucheza hadundi mpira wala hatupi kikapuni. Anakabidhiwa chuo, anapanga mazoezi, anachagua mfumo wa kushambulia na wa kukaba, anasajili vijana kutoka shule za sekondari, kisha kompyuta inaendesha mechi na kuleta matokeo. Majibu yaliyo hapa yanahusu usajili peke yake, na yametokana na misimu mingi ya kushinda na kushindwa.

Usajili una uzito gani ukilinganisha na mbinu za uwanjani?

Una uzito mkubwa kuliko jambo lingine lolote. Kocha hodari wa kupanga mbinu ataongeza ushindi wa mechi chache kwa msimu, lakini hawezi kuigeuza timu ya wachezaji dhaifu kuwa bingwa, kwa sababu kila tukio ambalo kompyuta inalikokotoa linaanzia kwenye namba za wachezaji waliomo uwanjani. Msimu wako wa leo uliamuliwa miaka mitatu ya mchezo iliyopita, siku ulipomchagua kijana mmoja na kumwacha mwingine. Ninasisitiza hili la kumwacha, kwa sababu makocha wengi wapya hudhani usajili ni kumpata kila anayependeza, ilhali kazi yenyewe ni kuamua mapema nani hutamfuata hata kidogo.

Kocha mpya anaanzia wapi?

Anaanzia Divisheni ya 3, yaani ngazi ya chini kabisa, kisha hupanda hadi ya 2 na ya 1 kadiri rekodi yake inavyomruhusu kuomba kazi kwenye vyuo vikubwa. Kuna dunia kadhaa, yaani nakala za mchezo zinazoendeshwa sambamba, nazo zimepewa majina ya watu walioheshimika katika mchezo huu, kama vile Naismith, aliyeuvumbua mpira wa kikapu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, na Wooden, Rupp na Tarkanian, waliokuwa makocha wa vyuo. Baadhi ya dunia huchezesha mechi moja kwa siku na nyingine mbili. Ninamshauri anayeanza achague ya mechi moja, kwa kuwa dirisha la usajili linahitaji utulivu.

Katika kuchagua chuo, tazama ramani kabla ya kutazama jina. Gharama ya kumtembelea kijana hupanda kulingana na umbali, hivyo chuo kilichopo Pennsylvania au Ohio, majimbo yenye watu wengi na yanayopakana na majimbo mengine yenye watu wengi, kina chipukizi tele wa karibu, wakati chuo cha Montana au Dakota Kaskazini kitalipa nauli kubwa kwa karibu kila kijana. Hata hivyo, hesabu pia majirani. Mahali penye chipukizi wengi pana makocha wengi, na kama vyuo vinne vinavyokuzunguka vinaongozwa na binadamu wenye uzoefu, huenda ukala vizuri zaidi katika jimbo la wastani ambalo vyuo vyake vingi vinaendeshwa na kompyuta.

Nafasi za ufadhili ni ngapi, na zigawanywe vipi kwa miaka?

Kila chuo kina nafasi 12 za kumlipia mchezaji masomo ili aichezee timu. Kwa kuwa mchezaji hukaa miaka minne, mgawanyo wa kawaida ni vijana watatu kila mwaka, na mgawanyo huo una faida ya kukupa kikosi kisichopwaya ghafla. Lakini si lazima uung'ang'anie. Bajeti ya usajili na pointi za ufuatiliaji, yaani zile unazomgawia kijana kila mzunguko (kila mara kompyuta inapopitia maagizo ya makocha) ili kumwonyesha kwamba unamtaka, huongezeka kadiri nafasi zilizo wazi zinavyoongezeka. Kocha mwenye nafasi tano ana mfuko mnene kuliko mwenye mbili, na wakipambana kwa ajili ya kijana yuleyule, mwenye mbili huanza akiwa nyuma.

Kwa hiyo wapo wanaopanga kwa makusudi miaka minono na miaka myembamba. Mwaka wa nafasi tano wanawania vijana wawili wa juu sana, halafu mwaka wa nafasi moja wanatafuta kijana mmoja asiye na mpinzani. Mimi huupenda mgawanyo wa nne, nne, mbili na mbili. Ninauepuka kabisa ule wa sita kuondoka kwa mpigo, kwa sababu mwaka unaofuata nusu ya kikosi huwa ni wageni wasioujua mfumo, na hakuna kipaji kinachofidia kutoujua mfumo. Chora jedwali la miaka minne kwenye daftari, uandike jina la kila mchezaji na mwaka atakaomaliza, na ulitazame kabla ya kutoa ofa yoyote.

Bajeti ya upelelezi wa vipaji itumike vipi?

Itumike karibu na nyumbani kwanza. Upelelezi huenda kwa hatua: hatua za chini hukuonyesha sura ya jumla, na hatua ya juu hukufunulia uwezo wa kukua wa kijana katika kila kipengele. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutandaza fedha kwenye majimbo kumi na kupata orodha ndefu ya vijana nusu-nusu. Ni afadhali kuyachimba majimbo matatu hadi mwisho. Orodha ya vijana 20 unaowajua kwa undani ina thamani kuliko orodha ya 150 uliowasikia tu.

Nitazame namba zipi za kijana?

Usiitazame namba ya jumla kwanza. Namba hiyo inajumlisha kila kipengele kwa pamoja, na kipengele kisichohusika na nafasi ya mchezaji huivimbisha bure. Gadi, yaani mchezaji wa nje anayeongoza mpira, mwenye alama kubwa za kuzuia mitupo ataonekana tajiri kwenye jumla, lakini utajiri huo hautumiki popote. Senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, apimwe kwa rebaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu), ulinzi, kuzuia mitupo, uchezaji wa chini ya kikapu na nguvu za mwili. Gadi wa kuongoza mchezo apimwe kwa kasi, kudunda mpira, pasi na ulinzi. Mfungaji wa nje apimwe kwa mtupo wa mbali, lakini akiwa hana kasi wala hawezi kudunda mpira, mtupo wake utamezwa na mabeki wepesi.

Baada ya hapo linganisha na mfumo wako. Ukikaba uwanja mzima unahitaji kasi, nguvu za mwili, ulinzi na pumzi, na unahitaji wachezaji kumi wanaoaminika kwa sababu watano wa kwanza watachoka. Ukikaba kwa zoni, kila mchezaji akilinda eneo lake, unaweza kuishi na benchi fupi zaidi. Kocha anayebadili mfumo kila msimu huwa anasajili bila dira, maana kijana aliyefaa mfumo wa juzi anakuwa mzigo kwenye mfumo wa leo.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukiruka, nacho ni bidii ya mazoezi. Kijana mwenye bidii ndogo hukua polepole hata akiwa na uwezo mkubwa wa kukua, na miaka minne humalizika kabla hajafika. Huwa ninamkataa kijana mzuri kwa sababu hiyo peke yake, na sijawahi kujutia.

Je, nichukue aliyekwisha kuiva au mwenye uwezo wa kukua?

Nitajibu kwa mfano wa masenta wawili niliowapima kwa wiki nzima nikiwa na chuo cha Divisheni ya 3 huko Ohio. Wa kwanza alikuwa na ulinzi 52, rebaundi 60 na uwezo mdogo wa kukua katika vyote viwili. Wa pili, kutoka Indiana, alikuwa na ulinzi 31 na rebaundi 44, lakini uwezo wake wa kukua ulikuwa mkubwa katika ulinzi, rebaundi na uchezaji wa chini ya kikapu, na bidii yake ilikuwa 71. Kwenye orodha ya jumla wa kwanza alimzidi mwenzake kwa mbali, na vyuo vitatu vilikuwa vinamgombania. Wa pili alikuwa na chuo kimoja kinachoendeshwa na kompyuta, basi.

Nilimchukua wa pili kwa gharama ya ziara chache tu. Mwaka wake wa kwanza sikumchezesha kabisa, nikamweka akiba ili mwaka huo usihesabike na abaki na miaka minne mbele yake. Aliponiaga alikuwa na ulinzi 63 na rebaundi 78. Fedha nilizookoa kwake zilinipatia gadi ambaye nisingemgusa kama ningeingia vita ya yule senta wa kwanza.

Ulimwengu halisi una mfano ambao wasomaji wa Tanzania wanaujua vyema. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliuanza mpira wa kikapu akiwa tayari kijana wa sekondari, akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun akiwa na urefu wa zaidi ya mita 2.2 na mengi ya kujifunza, na baada ya misimu mitatu akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, yaani zamu ya timu za ligi hiyo ya kulipwa kuchagua wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari, kocha John Thompson akamwingiza uwanjani, na mwaka 1991 alichaguliwa wa nne na Denver Nuggets. Makocha hao walisajili namba ambazo hazikuwepo bado.

Tahadhari ni hii: usijaze kikosi kwa vijana wa kesho watupu. Ukiwa na watatu wasioiva kwa wakati mmoja, hadhi ya chuo itashuka kwa kupoteza mechi, na hadhi ikishuka, usajili wa mwaka unaofuata utakuwa mgumu zaidi.

Matakwa ya chipukizi yana nguvu kiasi gani?

Yana nguvu ya kuziba pengo la hadhi, na ndiyo silaha kuu ya chuo kidogo. Kijana mmoja anataka kubaki karibu na nyumbani, mwingine anataka kwenda mbali. Yupo anayetaka timu inayoshinda, na yupo anayetaka timu inayojengwa upya. Wengine wanatazama nguvu ya ligi, muda ambao kocha amedumu chuoni, mfumo wa kushambulia au wa kukaba, au dakika za kucheza. Chuo chenye hadhi ya B (hadhi hupimwa kwa herufi, na B+ iko juu ya B) kinacholingana na matakwa manne kinaweza kumshinda mwenye B+ anayekwaruzana nayo.

Kudumu chuoni ni rasilimali inayodharauliwa. Kocha anayehamahama kila baada ya misimu miwili hana jibu kwa kijana anayetaka kocha aliyekaa, na vijana wa aina hiyo si haba.

Ziara zifanywe lini, na pointi za ufuatiliaji zigawanywe vipi?

Anza na pointi za ufuatiliaji, kwa sababu ndizo zinazokufungulia mlango wa kutoa ofa ya ufadhili na kufanya ziara. Mzunguko wa kwanza ninagawa pointi kwa vijana sita au saba, wa pili ninawapunguza hadi wanne, na kuanzia hapo ninamlisha kila mmoja bila kukatiza. Pointi huongezeka juu ya zile za jana, hivyo anayeanza mapema kwa kiasi cha wastani huwa na akiba ambayo anayekuja kwa kishindo siku ya mwisho hataweza kuifikia kirahisi.

Ziara ni jambo tofauti. Zina athari kubwa, zinagharimu fedha, na wapinzani wanaweza kuhisi uzito wake. Ukizimwaga zote siku ya kwanza, umeonyesha mkono wako, na mwenye bajeti kubwa atajua kiasi cha kuongeza. Ukizichelewesha mno, kijana anayetaka kuamua mapema atakuwa amesaini kwingine. Soma kwanza anataka kusaini lini. Kwa anayeamua mapema, maliza ziara kabla ya mzunguko wake wa kwanza wa kusaini. Kwa anayechelewa, weka fedha kando na uwaache wengine wachoke.

Nimwahidi dakika za kucheza au nafasi ya kuanza?

Mwahidi tu unachoweza kutimiza. Ahadi inasogeza sana moyo wa kijana, hasa anayetaka kucheza, lakini ukiivunja anakasirika na anaweza kuhama. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba ahadi ina gharama hata ikitimizwa: kijana wa mwaka wa kwanza asiyeiva anachukua nafasi ya mchezaji wa mwaka wa nne kwa msimu mzima, na mechi tatu au nne zinapotea hapo. Ninaahidi nafasi ya kuanza kwa kijana mmoja tu kwa mwaka, na huwa ni yule ambaye angeanza hata bila ahadi.

Niliongoza kwa asilimia kubwa, mbona kijana alisaini kwingine?

Kwa sababu uamuzi wa mwisho ni wa bahati iliyopimwa. Mwenye juhudi zaidi ana nafasi kubwa, ila hana uhakika. Hili huwaumiza makocha kuliko jambo lolote katika mchezo, na maumivu yake ninayajua. Dawa yake ni hesabu. Tuseme una vita tatu na katika kila moja una nafasi ya asilimia 60. Uwezekano wa kuwapata wote watatu ni asilimia 21.6 tu, na uwezekano wa kuwakosa wote ni asilimia 6.4. Maana yake ni kwamba mpango unaodai ushinde vita zote tatu ni mpango mbovu, hata kama kila vita moja inaonekana nzuri.

Kwa hiyo mwenye nafasi nne aingie vita mbili, achukue kijana mmoja asiye na mpinzani mapema kabisa, na awe na mtu wa akiba anayelishwa pointi chache kila siku. Mshika mawili moja humponyoka, na katika usajili nimeona mshika manne akiponyokwa na yote manne.

Je, ni aibu kubaki na mchezaji asiye na ufadhili?

Si aibu hata kidogo. Nafasi ikibaki wazi, mchezo hukujazia mchezaji wa kawaida asiye na ufadhili, naye atakaa benchi. Nafasi hiyo itakupa bajeti tena mwaka ujao. Kumpa ufadhili kijana dhaifu kwa hofu ya nafasi tupu ni kuifunga nafasi hiyo kwa miaka minne. Ukiwa na wachezaji kumi wazuri na mfumo usiochosha, wawili wa kujazia hawakudhuru. Ukiwa unakaba uwanja mzima, wanakudhuru.

Matokeo ya darasani yana umuhimu?

Ndiyo. Kijana mwenye alama duni za masomo akikosa sifa ya kucheza anakupotezea msimu, na dakika unazompangia za kujisomea zinatoka kwenye mazoezi yake.

Nikiwa Afrika Mashariki, nifuateje mizunguko inayokwenda kwa saa za Marekani?

Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi ya kule na saa 7 wakati wa kiangazi. Mzunguko unaopita saa 5 usiku New York mwezi Januari unakukuta saa 1 asubuhi, na mwezi Julai unakukuta saa 12 alfajiri. Hilo kwa kweli ni faida, kwani wapinzani wengi wamelala, nawe unaweza kusoma matokeo ukinywa chai kabla ya kwenda kazini. Kinachohitajika ni kuweka maagizo mapema badala ya kusubiri dakika ya mwisho, maana umeme ukikatika au bando likiisha, mzunguko haukusubiri.

Wachezaji wanaokwenda NBA mapema niwapangieje?

Suala hili ni la Divisheni ya 1. Mchezaji wako bora anaweza kuondoka baada ya mwaka mmoja au miwili, na taarifa huja msimu ukiwa umekwisha, wakati chipukizi wengi wazuri wamekwisha kusaini. Tangu drafti ya 2006, kanuni ya NBA inamtaka kijana wa Marekani awe anatimiza angalau miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti na awe amepitisha mwaka mmoja tangu darasa lake la sekondari limalize, ndiyo maana vyuo vikubwa halisi hukumbwa na shida hiyohiyo.

Dawa yake huandaliwa katika kipindi cha kwanza kati ya vile viwili vya usajili, kabla taarifa hiyo haijaja. Chagua vijana wawili wanaotaka kusaini kwa kuchelewa, uwape pointi za ufuatiliaji kidogokidogo kama vile una nafasi kwa ajili yao, ingawa bado huna. Mchezaji wako akitangaza kuondoka, nafasi inafunguka na kazi ya kuwashawishi imekwisha kufanyika kwa sehemu kubwa. Asipoondoka, umepoteza pointi chache tu.

Nimemaliza kipindi cha kwanza mikono mitupu. Nifanye nini katika kipindi cha pili?

Kwanza usikimbilie majina makubwa yaliyobaki, kwa kuwa kila kocha aliyekosa anayatazama hayohayo. Chuja orodha kwa kipengele kimoja kinachoiumiza timu yako. Kama umepoteza rebaundi msimu mzima, tafuta vijana wenye rebaundi ya juu na matakwa yanayolingana nawe, hata kama jumla yao ni ya chini. Kisha fungua ukurasa wa kila mmoja utazame ni vyuo vingapi vinamfuata. Wale ambao hawana hata kimoja, au wana kile cha kompyuta kilicho mbali na kwao, ndio wako. Mpe wa kwanza ofa katika mzunguko wa kwanza kabisa, mfanyie ziara zote zilizobaki, na umsaini siku hiyohiyo, kabla kocha mwingine aliyeshindwa vita yake hajafika kwenye ukurasa huo.